Sanduku la Wasomaji: Gemu Zinazouzwa Zikiwa Mbichi

Barua za mwezi huu zimetoka Kusini nyingi kuliko kawaida, na tatu kati yake zinalalamikia jambo moja, nalo ni gemu za video zinazoingia sokoni zikiwa na kasoro tele au hata kabla hazijakamilika. Ninaanza na ile ndefu, kwa sababu mwandishi wake hakulalamika tu bali alipiga hesabu.

SWALI

Mzee wa Sanduku la Wasomaji, shikamoo.

Nina kibanda cha gemu hapa Magomeni, Mtwara Mjini. Mashine zangu ni PlayStation 4 tatu, na wateja wangu wengi ni vijana wa mpira wanaolipa kwa mechi. Fedha za korosho zilipoanza kuingia mtaani mwezi wa Novemba, kibanda kikawa kinajaa hadi saa nne usiku, nikaona niwaongezee kitu kipya. Nilimwagiza jamaa wa Kariakoo diski ya gemu mpya ya magari, ambayo sitaitaja jina, kwa shilingi 150,000. Ilikuja kwa basi ikiwa bado na nailoni yake, na wakati ninaifungua vijana walikuwa wamejipanga nyuma yangu kama wanaosubiri pilau.

Mashine ikatuambia kwamba kuna sasisho la GB 38. Nikakataa, tukacheza kama ilivyo kwenye diski. Katika mbio za kwanza gari la kijana mmoja lilipenya ukuta, kisha likaanza kuzama barabarani polepole kama mtumbwi uliotoboka, huku redio ya ndani ya gari ikiendelea kupiga muziki. Katika mbio za pili picha iliganda. Mara ya tatu gemu ilijifunga yenyewe na kuturudisha mwanzo kabisa. Vijana walicheka, halafu wakadai fedha zao, nami nikawarudishia.

GB moja ya bando hainipati chini ya shilingi 2,000. Kwa hiyo GB 38 ni shilingi 76,000, zaidi ya nusu ya bei ya diski yenyewe, na hapo sina uhakika kama hilo sasisho linaponya. Jamaa wa Kariakoo anasema diski haina mkwaruzo hata mmoja, hivyo yeye hana kosa. Ninachouliza ni hiki: niliuziwa nini hasa? Na diski hii niifanyeje?

Mwenye kibanda, Magomeni, Mtwara (jina limehifadhiwa)

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara.

Ulichouziwa ni gemu kama ilivyokuwa siku ilipopelekwa kiwandani kuchapwa kwenye diski, na siku hiyo kwa kawaida huwa wiki kadhaa kabla ya gemu kuingia madukani. Wakati diski zinachapwa, zinatiwa makasha na kusafirishwa, watengenezaji hawaendi likizo bali wanaendelea kuziba matundu waliyokuwa wanayajua na mengine wanayoyagundua, na kazi ya wiki hizo, pamoja na ya majuma yaliyofuata, ndiyo hiyo GB 38 uliyoikataa. Jamaa wa Kariakoo kwa hiyo amesema kweli, ingawa ukweli wake haukusaidii: diski ni nzima, kilichomo ndani yake ndicho hakijaiva.

Zamani mambo hayakuwa hivi, na sababu haikuwa uadilifu. Gemu iliyochomwa kwenye kaseti ya plastiki isingeweza kuguswa tena, na kampuni iliyokosea ilikuwa na njia moja tu ya kusahihisha, yaani kutengeneza kaseti nyingine kwa gharama yake. Woga huo ulikuwa mkaguzi mzuri kuliko mkaguzi yeyote wa kuajiriwa. Kisha Microsoft ilitoa mashine yake ya gemu, Xbox, yenye diski ngumu ndani yake, yaani hifadhi inayoweza kuandikwa upya, mwaka 2001, mwaka uliofuata ikaiunganisha na intaneti kwa huduma ya Xbox Live, na ilipofika PlayStation 3 mwaka 2006 utaratibu ukawa wa kawaida: gemu inaweza kutiwa viraka ikiwa tayari imo sebuleni kwa mnunuzi. Jambo lenyewe ni jema. Ubaya ulianza pale kiraka kilipoacha kuwa tiba ya dharura na kuingizwa kwenye ratiba ya kazi, mameneja wakawa wanajua kabisa kwamba tarehe ya kuuza na tarehe ya kumaliza zinaweza kuwa tarehe mbili tofauti.

Wewe uko Mtwara, basi nikupe mfano wa hapo hapo. Mkulima akipeleka gunia kwenye ghala la chama cha msingi, korosho zake hupimwa uzito, huangaliwa unyevu na kupangiwa daraja kabla hazijafika mnadani. Hebu afike na gunia nusu, nusu nyingine ikiwa majani makavu, aseme kwamba korosho zilizobaki atazileta mwezi wa tatu, ila alipwe leo kwa gunia zima. Karani wa ghala atamwangalia mara mbili. Kampuni za gemu hulipwa kwa gunia zima, na mashabiki ndio wanaokimbilia kulipa kabla hata gunia halijafunguliwa.

Kisa kinachokuhusu zaidi ni cha Cyberpunk 2077, kwa sababu walioumia sana walikuwa wenye mashine kama zako. Kampuni ya CD Projekt ya Poland iliitangaza gemu hiyo mwaka 2012. Iliiahidi kwa tarehe 16 Aprili 2020, ikasogeza hadi tarehe 17 Septemba, ikasogeza tena hadi tarehe 19 Novemba, na hatimaye ikaitoa tarehe 10 Desemba. Maagizo yaliyolipiwa mapema yalikuwa yamefika milioni 8. Wachambuzi waliopewa gemu kabla ya siku hiyo walipewa ya kompyuta, ambako ilikwenda vizuri kwa kiasi chake, na wengi wao wakaisifu. Wanunuzi wa PlayStation 4 walipoifungua wakakuta watu wasio na sura mpaka uwasogelee, magari yanayotokea hewani, na gemu inayojifunga kila baada ya muda. Haikupita zaidi ya wiki moja hivi, Sony, watengenezaji wa PlayStation, ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha za wanunuzi. Ilirejeshwa Juni 2021, na hata hapo Sony iliwashauri wenye PlayStation 4 za kawaida wajihadhari.

Chanzo chake kinafaa kueleweka, maana kinaeleza pia gari lako lililozama. Jiji kubwa la ndani ya gemu haliwezi kukaa lote kwenye kumbukumbu ya mashine kwa wakati mmoja. Mashine huvuta mtaa baada ya mtaa kutoka kwenye diski ngumu kadiri mchezaji anavyosonga, na diski ya PlayStation 4, mashine iliyotoka mwaka 2013, ni sahani inayozunguka yenye mwendo wa kobe ukiilinganisha na za sasa. Mchezaji akikimbia haraka kuliko diski inavyoweza kuleta mtaa unaofuata, atafika mahali ambapo ukuta unaonekana lakini ugumu wake haujaletwa, au barabara imechorwa lakini haijawekewa kitu cha kuzuia gari lisizame. Mmoja wa waanzilishi wa CD Projekt, Marcin Iwiński, alikiri Januari 2021 kwamba mfumo huo wa kuvuta data ndio uliowashinda kwenye mashine za zamani. Na hapa ndipo ninapotaka usome mara mbili: sasisho kubwa la 2.0, lililotolewa Septemba 2023 na kuifanya gemu hiyo isifiwe upya duniani kote, halikutolewa kwa PlayStation 4. Aliyenunua mapema kuliko wote, kwa bei ya juu kuliko wote, hakuipata tiba kamili.

Usidhani kwamba waandika programu ni wavivu. Hitilafu nyingi zinazowafikia wanunuzi zilishaandikwa kwenye orodha za wapimaji miezi kabla, na kila moja ikapewa uzito wake: hii inazuia kuuza, hii itasubiri, hii tutaishi nayo. Tarehe inapokaribia, mstari wa kile kinachozuia kuuza unasogezwa juu. Wanaousogeza ni watu wenye macho kwenye ununuzi wa Krismasi, kwenye matangazo yaliyokwisha kulipiwa na kwenye hesabu ya robo mwaka inayosubiriwa na wanahisa. Aliyekaa usiku kucha akiandika programu hana kauli hapo, ingawa yeye ndiye anayetukanwa mitandaoni asubuhi yake.

Tena si kila gemu inayouzwa ikiwa haijakamilika ni ya udanganyifu. Minecraft ilianza kuuzwa mwaka 2009 ikiwa mbichi kabisa, ikakamilika Novemba 2011, wala hakuna aliyelia, kwa sababu mnunuzi aliambiwa hali yake na akatozwa bei ya chini. Ugomvi wangu ni na kasha linalong'aa lenye bei kamili na ahadi kamili.

Sasa diski yako. Usinunue bando la simu kwa kazi hiyo. Tafuta diski ngumu ya nje, ya USB 3.0, yenye GB 250 au zaidi, uiandae ndani ya mipangilio ya PlayStation 4 yako na kuihamishia gemu humo. Kisha ichukue, pamoja na diski yako ya gemu mwenyewe, uende kwa mtu mwenye PlayStation 4 na intaneti ya waya isiyohesabu GB, iwe ni hapo mjini au kwa ndugu wa Dar es Salaam, ushushe sasisho kwake na kurudi nalo. Sisitizo langu kwamba ubebe diski yako mwenyewe si la bure: gemu ile ile iliyochapwa kwa ajili ya eneo jingine la dunia inaweza kuwa na namba tofauti, na sasisho la moja halikubali kwenye nyingine. Hakikisha pia nafasi inatosha, maana PlayStation 4 huandika nakala mpya ya gemu kabla ya kuifuta ya zamani, hivyo sasisho la GB 38 huweza kudai nafasi kubwa mno kuliko jina lake. Kabla ya safari hiyo yote, muulize mtu aliyekwisha kulishusha kama gari bado linazama.

Kuhusu kudai haki, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Lakini utakwenda pale na nini, ikiwa ulituma fedha kwa simu na diski ikaja kwa basi bila risiti ya EFD? Siku nyingine dai risiti, hata kama jamaa ni rafiki.

SWALI

Mjomba wangu, ambaye alicheza gemu za kaseti akiwa kijana, ananiambia kila siku kwamba gemu za zamani hazikuwa na kasoro hata moja, na kwamba sisi wa leo tumezoea ubovu. Je, anasema kweli au anaona ujana wake kwa miwani ya dhahabu?

Mwanafunzi wa chuo, Shangani, Mtwara

JIBU

Mjomba wako ana haki nusu. Pac-Man ya mwaka 1980, ambayo nina hakika ataitaja wa kwanza, huharibika katika hatua ya 256: nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na alama zisizo na maana na hatua hiyo haiwezi kumalizika, kwa sababu namba ya hatua ilihifadhiwa katika nafasi isiyoweza kupita 255. Ila ni wachezaji wangapi waliofika huko? Kasoro ilikuwepo, imejificha mwisho wa barabara ndefu.

Hata gemu zilizoharakishwa zilikuwepo. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilimpa Howard Scott Warshaw wiki tano hivi kutengeneza gemu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Wachezaji walikuwa wakitumbukia mashimoni na kushindwa kutoka, mauzo yakaanguka, na mwaka 1983 kampuni ikaenda kuzika shehena ya kaseti zake katika dampo la Alamogordo, jimbo la New Mexico, Marekani, ambako zilifukuliwa mwaka 2014. Krismasi, unaona, ilikuwa mkosaji yule yule.

Tofauti iliyobaki, na hapa mjomba ashinde, ni kwamba Atari ililipia kosa lake palepale. Kampuni ya leo inaomba radhi, inaahidi kiraka, na mara nyingi imekwisha kuhesabu fedha. Konami ilipotoa eFootball 2022 tarehe 30 Septemba 2021 kuchukua nafasi ya PES, gemu yake ya mpira ya miaka mingi, sura za wachezaji mashuhuri zilikuwa za kutisha kiasi kwamba picha zake zilizagaa duniani kote. Kampuni iliomba radhi siku iliyofuata, na toleo lililoitwa la kwanza kamili likafika Aprili 2022. Ninavyopita mitaani, bado ninaona vibanda vinavyoendelea na PES za zamani. Ni kweli kwamba eFootball ilikuwa ya bure, lakini mwenye kibanda hali bure. Anakula kwa mteja anayerudi kesho.

Mwulize mjomba pia kuhusu Zelda: Breath of the Wild ya Nintendo. Iliahidiwa kwa mwaka 2015, ikaahirishwa mara mbili, ikatoka Machi 2017, na mpaka leo hutajwa miongoni mwa gemu bora kuwahi kutengenezwa. Mashabiki walinung'unika kwa miaka miwili, kisha wakasahau kwamba walinung'unika.

SWALI

Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha nne, na nilimwahidi zawadi matokeo yakiwa mazuri. Sasa anataka nitume shilingi 60,000 kwa njia ya simu kwa duka moja la Dar es Salaam, kama arubuni ya gemu ambayo haijatoka na itakayotoka baada ya miezi mitano. Anasema asipowahi atakosa, na kwamba wanaowahi hupewa nguo za ziada za mchezaji wa ndani ya gemu. Mimi mambo haya siyajui. Nitume?

Mama wa Rahaleo, Lindi

JIBU

Usitume, Mama.

Arubuni ilikuwa na maana wakati kaseti zilipokuwa zikiisha dukani na gari la mzigo linalofuata halijulikani litafika lini. Gemu ya leo inayoshushwa kwa intaneti haiishi, na hata ya diski, zikiisha za wiki ya kwanza, zitachapwa nyingine, tena zile za baadaye huwa nafuu zaidi na mara nyingine huwa zimekwisha kuingizwa marekebisho ndani ya diski yenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa Lindi mwenye bando la kuhesabu lina thamani kuliko nguo za mtu asiyekuwepo. Fedha inayolipwa miezi mitano kabla ndiyo inayomwambia meneja kwamba anaweza kuuza mbichi na bado akauza.

Mpe kijana kazi moja. Wiki ya kutoka gemu hiyo, aangalie wachambuzi waliruhusiwa lini kuchapisha maoni yao. Ubisoft ilipotoa Assassin's Creed Unity Novemba 2014, iliwafunga wachambuzi midomo mpaka saa kadhaa baada ya gemu kuanza kuuzwa, na wanunuzi wa mapema wakajionea wenyewe wahusika wasio na ngozi ya uso, macho na meno yakielea chini ya nywele zilizochanwa vizuri. Aangalie pia kama maoni hayo yanahusu mashine kama yake, wala si kompyuta ya mtu wa Ulaya yenye bei ya pikipiki.

Ahadi yako ibaki palepale, na shilingi 60,000 zikae kwenye simu yako. Watu wakiwa wameicheza mwezi mzima kwenye mashine kama yake bila kuzama barabarani, mwachie achague duka mwenyewe. Na kama katika miezi hiyo mitano atakuwa amehamia kwenye gemu nyingine, kama nilivyowaona wangu wakifanya, utakuwa umeokoa nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi.